Ulipe Yaishe au Upigane? Njia Zilizo Mbele ya Mfanyabiashara Mdogo Aliyefunguliwa Kesi Isiyo na Mashiko

Mwaka 2005, jijini Washington, mwanasheria mmoja aliyekuwa jaji wa mashauri ya kiutawala aliifungulia kesi familia iliyokuwa ikiendesha duka la dobi. Alidai kwamba suruali yake ilipotea na kwamba ile aliyorudishiwa haikuwa yake, na hoja yake kuu aliijenga juu ya bango la dukani lililoahidi kwamba mteja ataridhika. Kiasi alichodai kilipanda hadi dola milioni 67, kisha akakishusha hadi milioni 54. Familia ile ilijaribu kuyamaliza mapema: ilikuwa tayari kumlipa dola 3,000, baadaye 4,600, na hatimaye 12,000, naye akakataa zote. Juni 2007 mahakama iliamua kwamba hastahili kulipwa chochote, na rufaa yake ikagonga mwamba Desemba 2008. Kufikia wakati huo wenye duka walikuwa wamekwisha kuliuza, wakieleza kwamba mapato yameshuka na kwamba kesi imewachosha.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha suruali ya mamilioni, na watu wakishacheka hukisahau. Kwa mwenye biashara ndogo, hata hivyo, kinaonyesha jambo linalobeba ulinganisho wote unaofuata, nalo ni kwamba hasara ya kesi ya kipuuzi haikai katika hukumu bali hukaa njiani kuelekea hukumu. Aliyeshinda alipoteza duka. Kwa hiyo mtu anayeanza kufikiri kwa kujiuliza ni nani mwenye haki anajiuliza swali zuri, lakini jibu lake halitamwambia afanye nini. Makala hii inalinganisha njia kuu mbili, yaani kulipa ili yaishe na kupigana, pamoja na njia za kati, kwa kutumia zaidi utaratibu wa Marekani, ambako tatizo hili limeota mizizi, na kuuleta utaratibu wa Uingereza pale ambapo tofauti inabadilisha uamuzi.

Je, ni ya kipuuzi kweli?

Hakuna mdaiwa ambaye hajawahi kuiona kesi dhidi yake kuwa ya kipuuzi. Kisheria neno hilo lina maana nyembamba zaidi: ni madai yasiyo na msingi katika sheria wala katika ukweli wa mambo, kiasi kwamba mtu makini asingeyapeleka mahakamani. Madai dhaifu si lazima yawe ya kipuuzi, na madai yanayochekesha yanaposimuliwa huenda yakawa mazito mno faili linapofunguliwa. Kesi ya kahawa ya moto dhidi ya McDonald's, iliyoamuliwa mwaka 1994, ilitaniwa dunia nzima kama mfano wa tamaa ya wadai, ilhali mwanamke aliyefungua kesi ile alikuwa ameungua vibaya hadi akahitaji kupandikizwa ngozi, na mwanzoni alichoomba kilikuwa takriban dola 20,000. Anayebandika lebo ya upuuzi haraka huishia kuchagua njia ya vita dhidi ya madai ambayo yangemshinda.

Mpaka huu unaonekana vizuri katika kesi za sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu. Sheria hiyo ya shirikisho inampa mdai binafsi amri ya kurekebisha kasoro pamoja na ada za wakili wake, lakini haimpi fidia. Jimbo la California kwa upande wake linaongeza fidia isiyopungua dola 4,000 kwa kila kosa, na hapo ndipo walipozaliwa wadai wanaozunguka kutoka mlango hadi mlango wakipima upana wa njia na mteremko wa maegesho. Mwaka 2015 jimbo hilo lilipitisha kanuni inayomtaka mdai aliyefungua kesi 10 au zaidi za aina hiyo ndani ya miezi 12 alipe ada ya ziada ya dola 1,000 kila anapofungua nyingine. Pamoja na hayo yote, kama ngazi haina njia ya kiti cha magurudumu, basi haina, hata kama aliyelalamika hakukusudia kununua kitu. Hapo mwenye duka ana njia ya tatu ambayo ni bora kuliko zote mbili: arekebishe kasoro mara moja, apige picha, aweke risiti za fundi, kisha aiambie mahakama ya shirikisho kwamba hakuna kilichobaki cha kuamriwa. Fidia ya jimbo inaweza kubaki mezani, lakini kesi itakuwa imepungua nusu. Nimeanza na suala hili kwa makusudi, kwa sababu watu wengi hutumia kwa wakili fedha ambazo zingemtosha seremala.

Nani hubeba gharama za kujitetea

Jambo moja linaamua mambo kuliko mengine yote: aliyeshinda akishashinda, je, anarudishiwa alichomlipa wakili wake? Nchini Marekani jibu la kawaida ni hapana. Kila upande hubeba mzigo wake, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kukataa kuwatwisha walioshindwa ada za mawakili tangu mwaka 1796. Uingereza inafuata kinyume chake, kwamba aliyeshindwa hulipa gharama za mwenzake, ingawa si zote, na tangu Oktoba 2023 kesi nyingi za hadi pauni 100,000 zina viwango maalumu vinavyoweka ukomo wa kile kinachorudishwa. Tena, madai madogo ya hadi pauni 10,000 kwa kawaida hayarudishi ada za wakili kabisa, isipokuwa upande mmoja uwe umeendesha mambo bila busara.

Tuweke hesabu ya kubuni ili tofauti ionekane, tukitumia dola pande zote mbili. Mdai anadai 40,000, lakini wakili wake anadokeza kwamba 8,000 zitatosha. Pingamizi la awali la kuomba kesi itupwe litagharimu 10,000, na wakili wako anaamini kuwa katika kesi kumi kama hiyo, nane hutupwa. Ukipinga na kushinda kwa utaratibu wa Marekani, umetoa 10,000. Ukishindwa, umetoa 10,000 na bado utalipa zile 8,000. Kwa wastani, kupigana kunakugharimu 11,600. Yaani mtu mwenye uhakika wa asilimia 80 bado anaona kulipa ni rahisi zaidi, na mdai asiye na kesi analijua hilo kabla hajaandika barua ya kwanza.

Sasa chukua hesabu hiyohiyo uipeleke Uingereza. Ukishinda unarudishiwa, tuseme, 7,000, hivyo umepoteza 3,000 tu. Ukishindwa unabeba 10,000 zako, 8,000 za mdai, na labda 7,000 za wakili wake, jumla 25,000. Wastani wake ni 7,400, chini ya kile anachotaka mdai. Tofauti ya 4,200 baina ya nchi mbili haikutokana na ukweli wa madai wala na uhodari wa mawakili. Imetokana na kanuni moja. Lakini angalia pia upande wa pili wa sarafu hiyo: Mwingereza akishindwa anaumia zaidi, 25,000 badala ya 18,000, na ndiyo maana huko kupigana kwa hasira, bila ushauri wa mtu asiyependelea, kunaweza kufilisi kuliko Marekani.

Ndani ya Marekani yenyewe mambo si sawa kila mahali. Alaska humrudishia mshindi sehemu ya ada za wakili. Pale ambapo hakuna fedha zilizoamriwa kulipwa, kiwango cha kawaida ni asilimia 20 ya ada halisi zinazokubalika ikiwa shauri limekwisha bila kusikilizwa, na asilimia 30 likisikilizwa. Texas ina kanuni maalumu ya kutupa madai yasiyo na msingi, ambayo tangu mwaka 2019 inamwachia jaji uamuzi wa kumtwisha aliyeshindwa ada za mwenzake, baada ya miaka michache ambapo jambo hilo lilikuwa lazima. Ziko pia sheria mahususi zinazoruhusu ada kurudishwa, kama ile ya hataza za uvumbuzi, na mikataba mingine huwa na kifungu cha namna hiyo. Swali la kwanza kwa wakili, kabla ya kumsimulia kisa chote, liwe hilo.

Kulipa ili yaishe

Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wahenga, na katika biashara ndogo hekima hiyo ina uzito wake. Suluhu ya mapema ina bei inayojulikana, na mwenye duka anaweza kuipangia mikopo na mishahara. Inamrudisha kazini. Mtu anayeendesha biashara peke yake au na ndugu wawili hana idara ya sheria. Siku anayoketi kwa wakili ndiyo siku ambayo mzigo haupokelewi na simu za wateja hazijibiwi. Makubaliano huweza kuandikwa bila kukiri kosa na kwa sharti la usiri, na katika mahakama za shirikisho za Marekani ahadi ya kulipa iliyotolewa katika mazungumzo ya suluhu haiwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba mdaiwa alikuwa na hatia.

Hata hivyo suluhu ina gharama tatu ambazo hazimo kwenye hundi. Ya kwanza ni kwamba unamfundisha mdai bei yako. Kati ya mwaka 2012 na 2013 kampuni ya MPHJ ilituma barua kwa zaidi ya biashara ndogo 16,000 nchini Marekani, ikidai kwamba kila anayetumia mashine ya kawaida ya kuchanganua nyaraka na kuzituma kwa barua pepe anatumia hataza zake, na kwamba alipe takriban dola 1,000 hadi 1,200 kwa kila mfanyakazi. Kesi zilizotishiwa katika barua hizo hazikufunguliwa. Biashara ya namna hiyo inaishi kwa hesabu niliyoionyesha hapo juu: kila mpokeaji, akijitazama peke yake, anaona ni nafuu kulipa. Jimbo la Vermont lilipitisha sheria dhidi ya vitisho vya hataza vilivyotolewa kwa nia mbaya mwaka 2013, na mwaka 2014 tume ya shirikisho ya biashara ikaibana kampuni hiyo kwa makubaliano ya kuacha udanganyifu katika barua zake. Aliyeitupa barua ile kapuni baada ya kumuuliza wakili kwa nusu saa alifanya vizuri kuliko aliyelipa na kuliko aliyekwenda kupambana.

Gharama ya pili haisemwi sana. Mwenye duka anayelipa leo huku akijifariji kwamba kesho atamfungulia mdai kesi ya kumshtaki kwa nia mbaya amejifungia mlango mwenyewe. Kwa kawaida sheria ya Marekani inataka shauri la kwanza liwe limekwisha kwa ushindi wa mdaiwa kabla hajadai fidia ya kusumbuliwa, na suluhu haihesabiwi kuwa ushindi. Uingereza, ambayo Mahakama yake ya Juu iliikubali rasmi haki ya kudai fidia kwa kesi ya madai iliyofunguliwa kwa nia mbaya mwaka 2016, nayo inataka vivyo hivyo. Sisemi kwamba kesi ya kulipiza ni jambo la kushauri, maana ni ngumu kuithibitisha na inahuisha vita ambavyo vingekufa, lakini mtu ajue anachouza anapotia saini.

Ya tatu ni ya moyoni. Kuna watu ambao malipo ya dola chache kwa uongo huwatafuna kwa miaka, na kuna wengine ambao husahau wiki ileile. Hii si hoja ya kisheria, lakini anayejijua kuwa wa kundi la kwanza na aihesabu kama gharama halisi, kwa sababu itaonekana katika namna atakavyowahudumia wateja.

Njia hii ina sharti jingine tena, nalo ni kwamba mdai awe anataka fedha. Wapo wadai wa aina mbili. Mmoja anafanya hesabu. Ukimpa kinachozidi gharama za kuendelea, anafunga faili na kwenda kwa mwingine. Wa pili ana kinyongo, na anachotafuta ni kusikika, kuombwa radhi, au kukuona ukihangaika. Dola 12,000 kwa suruali moja zilikuwa nyingi kuliko thamani yoyote ya suruali ile, nazo zilikataliwa. Kwa mdai wa namna hiyo kuongeza dau ni kumwaga maji mchangani, na wakati mwingine maneno mawili ya pole yanayosemwa mapema na mwenye duka mwenyewe, kabla mawakili hawajaingia, hufanya kazi ambayo hundi haikuweza.

Kupigana, na kupigana hadi wapi

Kupigana si jambo moja. Ni ngazi yenye madaraja, na gharama hupanda kwa kasi tofauti katika kila daraja, kwa hiyo anayelinganisha alinganishe kulipa na kila daraja badala ya kulipa na vita vizima.

Daraja la chini ni pingamizi la awali: unaiambia mahakama kwamba hata kama kila alichokisema mdai ni kweli, sheria haimpi haki anayoidai. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, tangu maamuzi ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2007 na 2009, hati ya madai lazima iwe na maelezo yanayoyafanya madai yaaminike, si kauli za jumla peke yake. Uingereza jaji anaweza kuifuta hati isiyoonyesha sababu ya msingi ya kudai au inayotumia vibaya mahakama, na anaweza pia kutoa hukumu ya haraka ikiwa upande mmoja hauna matumaini ya kweli ya kushinda. Uzuri wa daraja hili ni kwamba kazi kubwa ni ya maandishi, na duka linaendelea kufunguliwa. Udhaifu wake ni kwamba linafaa kwa madai yaliyokosea sheria. Dhidi ya mtu anayesema uongo kuhusu kilichotokea, halisaidii sana, kwa sababu katika hatua hii jaji huyachukua maelezo yake kana kwamba ni ya kweli.

Daraja la pili ndilo linaloua biashara ndogo, nalo ni hatua ya pande mbili kufichuliana ushahidi. Hapo mdai anaruhusiwa kuomba nyaraka, barua pepe, hesabu za miaka kadhaa, na kukuhoji kwa kiapo saa nyingi mbele ya wakili wake. Mahakama haijasema bado kama ana kesi, lakini wewe umekwisha kuanza kumfanyia kazi. Ukilivuka daraja hili, bado unaweza kuomba hukumu bila kusikilizwa kwa mashahidi ikiwa ushahidi uliofichuliwa unaonyesha kwamba hakuna ubishi wa kweli. Lakini fedha nyingi zitakuwa zimekwisha kutoka. Daraja la mwisho, usikilizwaji wenyewe mbele ya jaji au baraza la wazee wa mahakama, ni la wachache.

Watu huuliza kuhusu adhabu kwa mdai na wakili wake. Ipo. Kanuni ya 11 ya mashauri ya madai ya shirikisho nchini Marekani inamfanya anayetia saini hati ya mahakama athibitishe kwamba amefanya uchunguzi wa kutosha na kwamba hakusudii kusumbua. Kati ya mwaka 1983 na 1993 jaji aliyeona kanuni hiyo imevunjwa alilazimika kuadhibu. Tangu 1993 ni hiari yake, na anayeomba adhabu lazima kwanza ampe mwenzake siku 21 za kuiondoa hati husika. Wengi huona siku hizo kama mwanya wa wakosaji. Mimi naziona kama chombo bora zaidi alicho nacho mwenye duka, kwa sababu ombi lililoandaliwa vizuri na kupelekwa kwa wakili wa upande wa pili, kabla ya kufikishwa mahakamani, linamlazimisha mtu mmoja mwenye leseni ya kulinda kuisoma upya kesi aliyoifungua kwa pupa. Adhabu yenyewe usiitegemee kama njia ya kurudisha fedha zako. Na dhidi ya mdai asiye na wakili na asiye na mali, hata ushindi wa gharama ni karatasi tu. Kwa watu wa namna hiyo ndiyo maana California, kwa mfano, ina sheria ya tangu mwaka 1963 inayomwezesha mdaiwa kuomba mdai msumbufu, aliyejiwakilisha na kushindwa katika mashauri yasiyopungua matano ndani ya miaka saba, aweke kwanza dhamana ya gharama. Uingereza ilianza kuwazuia wadai wasumbufu kwa sheria ya mwaka 1896.

Jambo jingine linalosahaulika katika hesabu ni hadhi ya biashara. Mwenye duka lisilosajiliwa kama kampuni anaweza kusimama mwenyewe mahakamani, kwa hatari zake zote. Kampuni haiwezi kufanya hivyo katika mahakama za shirikisho za Marekani. Lazima iwe na wakili, hata kama mmiliki wake ni mtu mmoja anayejua kila kitu kuhusu kesi. Kampuni inamkinga mmiliki na madeni, lakini inampandishia bei ya daraja la kwanza la vita.

Njia za kati

Kati ya kulipa na kupigana kuna ahadi rasmi ya kulipa inayobadilisha hesabu za mdai, na hapa nchi hizi mbili zimeachana mno. Uingereza mdaiwa akitoa ahadi ya namna hiyo kwa utaratibu wa sehemu ya 36 ya kanuni za madai, na mdai akaikataa kisha asipate hukumu iliyo bora kuliko ahadi hiyo, kwa kawaida mdai ndiye hubeba gharama za mdaiwa, ada za wakili zikiwemo, tangu muda wa kuikubali ulipokwisha. Ni shinikizo kubwa. Marekani ina kanuni ya 68, ambayo inamruhusu mdaiwa kutoa ahadi siku zisizopungua 14 kabla ya kusikilizwa, na mdai ana siku 14 za kujibu. Lakini gharama inazozihamisha kwa kawaida hazijumuishi ada za wakili. Zaidi ya hapo, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1981 kwamba kanuni hiyo haifanyi kazi ikiwa mdaiwa ameshinda moja kwa moja, kwa maana inazungumzia mdai aliyepata hukumu ndogo kuliko ahadi. Matokeo yake ni ya ajabu: kanuni inamsaidia zaidi mdaiwa aliyeshindwa kwa kiasi kidogo kuliko yule ambaye hakuwa na kosa lolote. Dhidi ya kesi ya kipuuzi kabisa, basi, usipoteze muda nayo.

Upatanishi ni tofauti na hayo. Unagharimu siku moja au mbili, hauhukumu, na una faida pekee ambayo njia nyingine hazina: mdai mwenye kinyongo anapata mtu wa kumsikiliza. Uingereza mahakama zimethibitisha mwaka 2023 kwamba zina uwezo wa kuzielekeza pande zote huko. Kwa mdai anayefanya hesabu, hata hivyo, upatanishi mara nyingi ni mnada wenye adabu, na anayekwenda bila kujua bei yake ya mwisho hutoka amelipa zaidi ya alichoombwa katika barua ya kwanza.

Nani achague nini

Nikilazimishwa kutoa kauli moja, ni hii: lipa mapema au pigana mapema, lakini usilipe katikati. Njia mbaya kuliko zote, na ndiyo inayofuatwa na wengi, ni kukataa suluhu kwa hasira, kumlipa wakili miezi minane ya kufichuliana ushahidi, kisha kuchoka na kulipa kile kile kilichoombwa mwanzoni. Anayefanya hivyo amenunua njia zote mbili.

Mwenye biashara inayokutana na mdai kwa mara ya kwanza, ambaye hana dalili ya kurudiwa, na ambaye yuko mahali ambapo ada hazirudishwi, ana sababu nzuri ya kulipa kiasi kidogo na kurudi kazini, mradi hati ya suluhu iseme kwamba shauri limefutwa bila ruhusa ya kulifungua tena na kwamba imefunga madai yote ya nyuma, si yale yaliyoandikwa tu. Mwenye biashara ambayo inaweza kushambuliwa tena na tena, kwa sababu ya aina ya huduma yake au kwa sababu mdai anajulikana kuzunguka, na apigane katika daraja la kwanza hata kama hesabu ya kesi moja inamkataza. Zile 11,600 zinaonekana ghali mbele ya 8,000, lakini si mbele ya 8,000 tatu. Mwenye madai yanayotegemea neno la mtu dhidi ya neno la mwingine asidanganyike na pingamizi la awali. Kwake uchaguzi halisi ni suluhu ya mapema au maandalizi ya safari ndefu. Na yule ambaye ukiukaji upo kweli, hata kama mdai hapendezi, arekebishe kwanza, ndipo ahesabu.

Haya yote yanaweza kubadilika kwa sababu ya karatasi moja iliyoko kabatini, yaani mkataba wa bima ya dhima. Bima nyingi za biashara nchini Marekani zinamlazimu mwenye kampuni ya bima kutoa na kulipa wakili wa kumtetea mteja hata pale madai yanapoonekana hayana msingi, ilimradi yakiwa ya kweli yangeangukia ndani ya bima. Madai ya wafanyakazi kwa kawaida huhitaji bima yake ya pekee, na katika baadhi ya mikataba ada za utetezi hula kiwango kilekile cha fidia. Kwa upande mwingine, bima ikishaingia, mara nyingi uamuzi wa kulipa au kupigana haumo tena mikononi mwa mwenye duka. Kampuni inaweza kufanya suluhu bila ridhaa yake, kwa sababu inalinda fedha zake yenyewe na si jina la mwenye duka. Wengine wanaliona hilo kuwa dharau. Kwa mtu ambaye angeuza duka, ni nafuu. Lakini bima ina tabia ya kukataa madai yaliyocheleweshwa, na mahakama ya shirikisho nayo inampa mdaiwa siku 21 tu za kujibu tangu kukabidhiwa samansi, la sivyo hukumu itatoka bila yeye kusikilizwa. Kwa hiyo taarifa ya maandishi kwa kampuni ya bima, yenye nakala ya samansi na tarehe ya kupokelewa, inapaswa kuondoka dukani siku ileile, hata kabla wakili hajapatikana.